Kukata utepe wanajua, kukarabati hawataki

Jamani hii tabia ya kusubiri watu wafe ndo ukaguzi uanze inaniudhi kweli. Chukua lile daraja la Morandi pale Genoa, Italia, limefunguliwa 1967, sasa 14 Agosti 2018 mvua inanyesha, watu wako na magari yao wengine wanaenda zao likizo, mara nguzo namba 9 hiyooo chini na kipande kizima cha barabara, watu 43 wakafa.

Na usiniambie ni mvua! Nyaya za chuma zilizoshikilia lile daraja zilifunikwa ndani ya zege, kutu inakula ndani kwa ndani we nje unaona zege tu, na nguzo namba 11 ilishaongezewa nyaya miaka ya 90 mwanzoni huko, sasa kama hiyo mliona imechoka, ile ya 9 ya umri uleule mlidhani inazidi kuwa kijana au? Ushuru wa barabara lakini unakusanywa kama kawa.

Halafu daraja jipya likafunguliwa Agosti 2020, hata miaka miwili haijaisha, na wakubwa hao kwenye sherehe. Kumbe hela huwa zipo eeh.