Bastola ya Rubani Haina Mwenyewe

Rubani wa ndege ya abiria nchini Marekani anaweza kuwa na bastola ya serikali humo humo anamoshikia usukani. Si siri. Ni sheria tangu Novemba 2002. Rubani anajitolea mwenyewe, anachunguzwa, anafundishwa kutumia silaha, kisha anaapishwa kuwa afisa wa serikali kuu ambaye mamlaka yake yanaishia kwenye mlango wa chumba cha marubani. Nje ya mlango huo ni raia kama wewe na mimi. Kazi hiyo haina malipo ya ziada.

Mimi napinga mpango huu, na napinga nikiwaheshimu walioudai. Hawakuwa watu wa kushabikia bunduki tu. Walikuwa marubani waliotoka kuwazika wenzao.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Septemba 11, 2001, watekaji 19 waliingia katika ndege nne wakiwa na visu, na milango iliyowatenga na marubani ilikuwa dhaifu mno, ya kusukumwa kwa bega. Baada ya siku hiyo serikali ikaweka wazi kwamba ndege ikitekwa tena, ndege ya kivita inaweza kuamriwa kuitungua pamoja na abiria wote. Hapo ndipo marubani walipojenga hoja yao, na ni hoja nzito kuliko zote nilizowahi kusikia katika mjadala huu: kama mko tayari kutuua sisi na abiria wetu kwa kombora, mnashindwaje kutuamini kwa bastola?

Serikali ya Bush mwanzoni ilikataa. Mei 2002 John Magaw, mkuu wa mamlaka mpya ya usalama wa uchukuzi (TSA), aliiambia Seneti kwamba hataruhusu bunduki katika chumba cha marubani. Kauli yake haikudumu. Julai Baraza la Wawakilishi lilipitisha mpango huo kwa kura 310 dhidi ya 113, na Septemba Seneti ikafuata kwa kura 87 dhidi ya 6. Aprili 2003 kundi la kwanza la marubani likahitimu mafunzo huko Glynco, Georgia.

Hoja ya kombora inatikisa moyo, lakini ina kitu imekipita kimya. Inachukulia kwamba mlango ukishavunjwa, bastola itakuwa mkononi mwa rubani. Sisi wa upande huu wa dunia tuna sababu ya kulitilia shaka hilo, maana ndege mbili zilizokuwa zinakuja Nairobi zinatuonyesha yanayotokea kweli pale mlango unapofunguka.

Ya kwanza ni ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 961, Novemba 23, 1996. Ilikuwa Boeing 767 iliyobeba watu 175 kutoka Addis Ababa. Muda mfupi baada ya kupaa, vijana watatu waliingia kwa marubani wakidai wana bomu. Hawakuwa na bunduki. Silaha yao kubwa waliikuta ndani ya ndege: shoka la dharura, lile linalowekwa kwa ajili ya moto na kubomoa vizuizi, pamoja na mtungi wa kuzimia moto. Chombo kilichowekwa kuwasaidia wahudumu wa ndege kikageuzwa dhidi yao. Waliotakiwa kushika mpini wakabaki kwenye makali.

Rubani msaidizi alipigwa na kufukuzwa kitini. Nahodha Leul Abate alibaki peke yake akiambiwa aende Australia, na ndege ilikuwa na mafuta ya safari ya Nairobi na akiba yake. Alieleza kwamba mafuta hayatoshi. Hawakumwamini. Akaifuata pwani ya Afrika kuelekea kusini, kisha akageukia Komoro, akitumaini kutua kwenye uwanja wa Ngazidja. Injini zikazima moja baada ya nyingine, na huku yeye anatafuta mahali pa kushukia, bado walikuwa wanamng'ang'ania mikono. Ndege ikagonga maji karibu na ufukwe wa Galawa. Watu 125 walikufa, akiwemo Mohamed Amin, mpigapicha wa Kenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Baadhi ya abiria walizama kwa sababu walikuwa wameshajaza hewa maboya yao wakiwa bado ndani, na maji yalipoingia yakawasukuma hadi darini. Waliopona walikuwa 50, na wengi wao walitolewa majini na wenyeji wa kisiwa na watalii waliokuwa ufukweni.

Sasa weka bastola katika chumba kile. Marubani wawili wamekaa wakitazama mbele, mikanda imewabana, mgongo uko mlangoni. Watu watatu wanaingia kwa nyuma. Nani ana nafasi ya kugeuka, kufungua mkanda, kuchomoa, kulenga? Na aliyesimama nyuma ya kiti atashindwa nini kuichukua bastola, kama alivyolichukua shoka?

Ya pili ni ya Desemba 29, 2000. Boeing 747 ya British Airways, safari namba 2069 kutoka Gatwick, ikiwa na watu karibu 400, ilikuwa juu ya Sudan abiria wakiwa usingizini. Kijana mmoja, mgonjwa wa akili aliyeamini kwamba kuna watu wanataka kumuua, aliingia kwa marubani na kuushika usukani. Nahodha William Hagan alikuwa ametoka kwenda kupumzika. Rubani msaidizi, Phil Watson, alipambana naye. Ndege ikainua pua, ikakosa nguvu, ikaanza kuporomoka. Hagan aliamka, akarudi mbio, akamtia yule kijana kidole jichoni, na kwa msaada wa abiria wakamvuta nje. Watson akairudisha ndege sawa. Walitua Nairobi wote wakiwa hai, na kijana mgonjwa pia akiwa hai.

Hili la mwisho lina uzito kwangu. Yule hakuwa gaidi. Alikuwa mtoto wa watu aliyezidiwa na maradhi. Miili mitatu ilikuwa imelaliana juu ya usukani mmoja, ndege inaanguka, na mikono yote inahitajika kwenye usukani huo. Risasi iliyofyatuliwa mle ingempata nani? Hata kama ingempata yeye peke yake, mwili ungeangukia usukani.

Watetezi watasema hayo yalikuwa zamani, kabla ya milango ya sasa. Ni kweli, na hapo wanasema hoja yangu. Tangu Aprili 2003 ndege kubwa za abiria zinazoruka Marekani zinatakiwa kuwa na mlango ulioimarishwa, usiopenya risasi, unaofunguliwa kwa ndani. Mlango huo ndio uliobadilisha mambo. Mtu aliyebaki nje akipiga kelele ni tatizo la wahudumu na abiria, na tangu 2001 abiria hawakai tena kimya.

Lakini mlango huo umehamisha hatari. Novemba 29, 2013, nahodha wa ndege ya shirika la Msumbiji, LAM, safari namba 470 kwenda Luanda, alisubiri mwenzake atoke kwenda msalani, akajifungia, akaiangusha ndege Namibia. Watu 33 walikufa. Kinasa sauti kilirekodi mtu akigonga mlango kutoka nje. Machi 24, 2015 rubani msaidizi wa Germanwings, shirika la Ujerumani, alifanya vivyo hivyo katika milima ya Alps, na watu 150 wakafa. Februari 2014 rubani msaidizi wa Ethiopian alimfungia nje nahodha na kuipeleka ndege Geneva. Mungu saidia, hakuna aliyeumia. Ndege zilizoangushwa na watekaji waliouvunja mlango ulioimarishwa sizijui. Hizi tatu zilichukuliwa na mtu aliyekuwa na haki ya kukaa ndani.

Ndiyo maana habari moja kutoka Utah ilinishtua. Oktoba 2023 rubani msaidizi wa shirika moja kubwa la Marekani alifunguliwa mashtaka kwa tukio la Agosti 2022. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, nahodha alifikiria kuigeuza ndege kwa sababu abiria mmoja alikuwa mgonjwa, na mwenzake akamtishia kwamba akifanya hivyo atapigwa risasi, tena zaidi ya moja. Ni tuhuma, na tuhuma si hukumu. Lakini mshtakiwa alikuwa mmoja wa marubani walioidhinishwa na serikali kubeba bastola. Mwezi huo huo wa Oktoba 2023, katika safari nyingine kutoka Everett kwenda San Francisco, rubani aliyekuwa mapumzikoni na kupewa kiti cha ziada nyuma ya wenzake alijaribu kuzima injini kwa kuvuta mipini ya dharura ya moto. Wenzake wawili walimdhibiti kwa mikono mitupu. Nashukuru kwamba mikononi mwake hapakuwa na kingine.

Na kuna ajali ya kawaida kabisa, ya kufuli. Machi 22, 2008, Airbus A319 ya US Airways ilikuwa inajiandaa kutua Charlotte ikitokea Denver. Kanuni zilimtaka rubani kuifungia bastola kila anapoondoka kwenye chumba chake, kwa hiyo mkoba wa bastola uliotolewa na serikali ulikuwa na tundu la kupitisha kufuli, chuma cha kufuli kikipita pale kwenye kifyatulio. Bastola ikiwa haijaingia vizuri mkobani, chuma hicho kinaweza kukisukuma kifyatulio chenyewe. Ndivyo ilivyotokea. Risasi ikatoboa ubavu wa ndege na kutoka nje. Ndege ilitua salama, na rubani akafukuzwa kazi, baadaye akarudishwa na msuluhishi. Mimi simlaumu sana yule mtu. Ukimpa mtu anayeandaa ndege kutua kazi ya pili ya kufunga na kufungua silaha yenye risasi, siku moja atakosea.

Rubani ana silaha kubwa kuliko bastola, nayo ni ndege. Septemba 6, 1970, watekaji wawili walipoinuka katika Boeing 707 ya El Al, shirika la ndege la Israeli, iliyotoka Amsterdam, nahodha Uri Bar-Lev hakufungua mlango. Aliielekeza ndege chini kwa ghafla, waliosimama wakapepesuka na kuanguka, na walinzi wenye silaha waliokuwa ndani wakamaliza kazi. Nahodha alirusha ndege, mlinzi akalinda. Kama ni lazima bunduki iwemo, iwe kwa mtu ambaye hana kazi nyingine.

Kinachoniuma ni mahali penye udhaifu unaojulikana na kila anayesafiri. Rubani akitaka kwenda msalani, mlango ule wa maana unafunguliwa, na kinachosimama kati yake na abiria ni mhudumu aliyeziba njia kwa kitoroli cha chakula. Dawa yake ni kizuizi cha pili, aina ya geti jepesi linalofungwa kabla mlango haujafunguliwa. Ellen Saracini, mjane wa Victor Saracini aliyekuwa nahodha wa United 175, moja ya zile ndege nne zilizotekwa Septemba 11, alipigania kitu hicho miaka mingi. Sheria ilipita 2018, kanuni ikatoka Juni 2023, na inahusu ndege mpya tu zinazotengenezwa. Bastola ilipata sheria yake katika mwaka mmoja na miezi michache.

Kwa hiyo hesabu zangu ziko hivi. Fedha za mafunzo ya risasi ziende kwenye geti hilo, na liwekwe hata kwenye ndege za zamani. Asibaki mtu mmoja peke yake kwa marubani, hata kwa dakika za msalani. Mhudumu aingie akae hadi mwenzake arudi. Na rubani anayeumwa akilini aweze kusema bila kuogopa kwamba leseni yake na mkate wa watoto wake vitaondoka siku hiyo hiyo, maana wanaoficha ndio wanaotutisha. Kenya Airways na Air Tanzania nazo zinaponunua ndege kutoka Boeing, ziliagize geti hilo tangu kiwandani, bila kungoja Mmarekani azilazimishe.