Koli la yaya wangu: bima ililipwa, fidia iko wapi?

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anashona nguo katika mtaa (komini) uitwao Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo. Aliagiza cherehani ya ovaloki kutoka Kariakoo, Dar es Salaam, kilo 32, kwa dola 420. Kampuni iliyoisafirisha ilimtoza dola 96 za mzigo, na dola 21 juu yake za kile walichokiita asiransi, yaani bima. Koli, yaani boksi la mzigo, lilifika halijachanika. Alipolifungua nyumbani akakuta ufa kwenye mwili wa chuma, toka juu hadi kwenye kitako. Kesho yake asubuhi alikuwa ajansi, ofisi ya kampuni hiyo, akaoneshwa sahihi yake mwenyewe: "Mama, ulisha kusaini, koli lilikuwa muzuri." Wakakubali kumrudishia zile 96 tu.

Nilikasirika, na bado nina hasira. Lakini nimejilazimisha kuwasikiliza.

Wanasema boksi zima lenye mashine iliyovunjika ndani ni ishara ya mzigo uliofungwa vibaya dukani. Hilo si neno la kupuuza. Kutoka Dar hadi hapa ni karibu kilomita 2,000, kupitia Tunduma, Kapiri Mposhi na mpaka wa Kasumbalesa, na koli dogo hushushwa na kupandishwa mara kadhaa. Chuma cha kilo 32 ndani ya karatasi ngumu na povu kidogo hakivumilii safari hiyo. Tena wapo wateja wanaopokea mzigo mzima, wakauvunja wenyewe, kisha wakaja kudai. Kampuni inayolipa kila anayelia haitamaliza mwaka.

Hoja yao nzito zaidi, ambayo yaya hakupenda niiguse, ni fakitire, yaani ankara ya bei. Zilikuwa mbili. Ile ya forodha ilisema dola 150, ili ushuru wa Kasumbalesa upungue. Ile ya bima ilisema 420. Hapo yaya alikosea, na nimemwambia. Huwezi kuiambia DGDA, idara ya forodha, kitu kina bei hii, halafu ukageuka kwa msafirishaji na bei nyingine. Ila fakitire ya 150 ilikuwa wazo la mtu wa ajansi yenyewe, na zile dola 21 ni asilimia 5 ya 420, si ya 150. Aliyepokea ada kwa thamani kubwa hawezi kuikumbuka thamani ndogo siku ya kulipa.

Kuhusu sahihi, hapo siwaungi mkono hata kidogo. Karatasi inasainiwa dirishani, kabla boksi halijafunguliwa, na asiyesaini hapewi mzigo. Sahihi ya namna hiyo inathibitisha kwamba boksi limetoka mikononi mwao, basi. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na sheria ya OHADA ya usafirishaji wa barabara inahusu pia mzigo unaotoka nje ya nchi wanachama, mradi unafikia ndani. Kwa uharibifu unaoonekana kwa nje, mpokeaji anaarifu kwa maandishi kufikia siku ya kazi inayofuata. Kwa uliojificha, ana siku 7. Na msafirishaji aliyepokea mzigo bila kuandika kasoro yoyote ya ufungaji anahesabiwa kuwa aliupokea ukiwa sawa kwa nje. Kama boksi la Kariakoo lilikuwa dhaifu, kwa nini hawakuandika palepale, au kumdai yaya pesa ya kreti ya mbao? Angelipa.

Sheria hiyohiyo inaweka kikomo cha fidia pale thamani haikutangazwa: franka za CFA 5,000 kwa kilo. Kwa kilo 32 ni 160,000, yaani euro zipatazo 244. Kwa hiyo hata tukiitupa bima nzima na fakitire zote mbili, kikomo hicho bado kiko juu sana ya dola 96.

Halafu kuna neno lenyewe, asiransi. Kwa miaka mingi bima hapa kwetu ilikuwa ya SONAS, kampuni ya serikali, peke yake. Sheria ya 17 Machi 2015 ndiyo iliyofungua mlango kwa wengine, chini ya ARCA, mamlaka inayosimamia bima. Nimeigeuzageuza risiti ya yaya. Haina jina la kampuni ya bima, haina namba ya mkataba. Nadhani ni ahadi ya msafirishaji mwenyewe iliyopewa jina kubwa, na mlalamikaji anajikuta akimdai hakimu ambaye ndiye mdaiwa. Hili linaniuma kuliko ufa, maana yaya alilipa zile 21 ili alale usingizi.

Kwenda kwake kwa mdomo hakukutosha, kwa hiyo siku ya tano nilimwandikia yaya barua ya kupeleka ajansi, pamoja na picha za mashine na za boksi pande zote. Tunadai dola 420. Walisita, kisha wakagonga muhuri kwenye nakala yetu. Mashine iko kwenye kona ya atelie, imefunikwa kitenge, na oda za sare za shule anazipeleka kwa jirani amshonee pindo.