Vipapasio Viko Puani

Mpwa wangu yuko darasa la tano. Jumapili alikuja na daftari lake la kuchorea, akalifungua mbele yangu bila kusema kitu, akasimama kando kusubiri. Shuleni waliambiwa wachore kiumbe wanayempenda. Wenzake walichora twiga, paka, jogoo. Yeye alichora fukusi, yuleyule wa mahindi anayetambaa kwenye ungo wa bibi yake, akamkuza mpaka akajaza ukurasa. Juu yake imepigwa alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Chini pameandikwa: "Chora kitu cha maana." Vipapasio navyo vimezungushiwa duara, na pembeni sahihisho: "Hutoka kichwani."

"Mjomba, lakini ndivyo alivyo," akasema.

Ndivyo alivyo, na ndiyo maana naandika hasira yangu ikiwa bado ya moto. Chukua fukusi yeyote kwenye kiroba cha mahindi kilichokaa miezi mitatu. Ana pua ndefu iliyopinda kuelekea chini, na vipapasio vyake vinachomoza kwenye pua hiyo, ubavuni, havitoki katikati ya macho kama vile vya panzi. Kipande cha kwanza cha kipapasio ni kirefu na kimenyooka, halafu kinakuja kiwiko, halafu vipande vifupi vinavyofuatana mpaka mwisho, ambapo pamevimba kama kichwa cha rungu. Mtoto wa miaka kumi na moja alichora vyote hivyo: kiwiko, rungu, mahali panapochomoza. Katika mabango yote ya wadudu niliyoyaona ukutani kwenye maduka ya pembejeo, sijaona hata moja lililoonyesha kiwiko hicho vizuri kama yeye.

Haya, kwa lugha ya wataalamu pua ile ni sehemu ya kichwa, kwa hiyo sentensi ya mwalimu ukiivuta sana inasimama. Lakini sicho alichokusudia. Alikusudia kwamba mdudu ana umbo moja, lile la kitabuni, na mtoto aliyetazama kwa macho yake amekosea.

Nilikuwepo alipokuwa akichora, kwa hiyo najua kazi aliyoifanya. Bibi yake alikuwa anapepeta barazani. Mtoto akaokota fukusi watatu, akawatia kwenye kifuniko cha chupa ya soda, akaniomba lenzi. Lenzi yenyewe ni ile ya mafundi saa, ya kubana kwenye jicho; niliinunua Kariakoo zamani na sijapata chombo kinachonipa furaha kuishinda. Fukusi ukimgusa anakunja miguu, anaanguka chali na kujifanya amekufa. Mara ya kwanza mtoto alidhani amemuua, machozi yakamlenga. Fukusi alipoinuka na kuanza safari upya, yule mtoto akaelewa kwamba muda ule wa kujifanya maiti ndio muda wake wa kuhesabu vipande vya mwili. Akawa anamgusa kidogo, anahesabu, anachora, anasubiri aamke, anamgusa tena. Alifanya hivyo kwa saa nzima na nusu. Niambieni ni somo gani jingine linalomfanya mtoto wa leo atulie saa nzima na nusu.

Mama yangu naye akachangia bila kuinua kichwa kwenye ungo: "Huyo fukusi, ana pua. Dumuzi hana pua wala shingo, kichwa amekificha. Ukiona unga mwingi kuliko mahindi, huyo ni dumuzi." Hajasoma biolojia, lakini alichosema ni sahihi kabisa. Dumuzi hata si wa ukoo wa fukusi. Ni wa ukoo wa mbawakavu wanaotoboa miti, na ukimtazama kutoka juu kichwa hukioni, kimefunikwa na kifua. Asili yake ni Amerika ya Kati, na alipojitokeza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuta maghala ambayo hayakuwa yamejiandaa. Kumtofautisha na fukusi ni swali la debe ngapi zitabaki mwezi wa pili, wala halimhusu mwanasayansi peke yake.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tubishane kwa dhati, kwa sababu nimesikia mara nyingi: "Siku hizi kuna simu, piga picha, programu itakwambia jina." Nazitumia hizo programu na nazishukuru. Lakini picha unaipiga kabla hujaona. Mchoro haukubali. Penseli ikifika kwenye mguu inakusimamisha na kukuuliza: vipingili vingapi? Kidole cha mwisho kinaanzia wapi? Kama hujui, mkono haupiti, lazima urudi kwenye mdudu. Mimi nilichora nyayo za fukusi zikiwa na vipingili vinne kwa muda mrefu, nikiwa na uhakika kabisa, mpaka siku nilipompata mmoja mkubwa, nikaona kati ya kile cha tatu kilichopasuka kama moyo na kile cha mwisho pana kipingili kidogo mno, kimejificha ndani ya mpasuko. Kumbe ni vitano. Nilikuwa na picha zaidi ya mia moja za fukusi kwenye simu na hakuna hata moja iliyowahi kuniuliza swali hilo.

Na jina lenyewe mara nyingi liko kwenye kitu ambacho picha haikujali. Wenzetu wa Kanda ya Ziwa mnakumbuka magugu maji ya miaka ya 1990, mialo imezibwa, mitumbwi haitoki. Wadudu walioletwa kuyala ni fukusi, aina mbili kutoka Amerika Kusini. Uganda ilianza kuwaachia mwaka 1995 na Kenya mwaka 1997. Wakubwa wanakwangua majani, watoto wao wanatoboa shina la jani mpaka mmea unajaa maji na kuzama. Aina hizo mbili zinafanana sana, na ukitaka kuzitenganisha unatazama vituta viwili vyeusi mgongoni: kwa moja ni virefu na vinaanzia karibu na mabega, kwa nyingine ni vifupi na vimekaa katikati. Wapo wanaosema mvua za El Niño za 1997 na 1998 ndizo zilizoyavunja magugu. Sikatai, zilichangia, na magugu yenyewe yamerudi mara kadhaa tangu hapo. Lakini kuna watu waliokaa na mabeseni ya wadudu wa milimita tano wakitazama vituta vyao, na mvuvi wa ziwani alinufaika na macho hayo.

Nimezungumza kama kwamba mdudu lazima awe na faida ndipo achorwe. Hapana. Nirudi kwenye uzuri, maana kile cha "kitu cha maana" ndicho kilichonichoma zaidi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Amani, kule Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti mwaka 1902. Asubuhi, ukungu haujapanda, nikaona juu ya jani kitone cha kijani kinachong'aa kuliko jani lenyewe. Fukusi, labda milimita nane. Nilipomchukua, kijani kikabaki kidoleni kama vumbi la bawa la kipepeo. Ni vigamba. Mwili wa chini yake ni mweusi tu. Rangi yote imevaliwa, na katika fukusi wengi wanaong'aa hivyo hata rangi si rangi, ni umbo dogo sana ndani ya kigamba linalochagua mwanga wa kurudisha. Kule Brazil kuna mmoja mkubwa mweusi mwenye madoa ya kijani na dhahabu, na New Guinea wako wa buluu wenye mistari myeusi, kama vitenge. Nimewaona kwenye picha tu. Wa Amani nilimshika mwenyewe.

Kumpaka rangi kulinichukua jioni tatu. Penseli ya kijani peke yake inatoa rangi ya ukuta wa ofisi. Ilibidi nianze na njano nyepesi, nipitishe kijani juu yake kwa vitone, si kwa mistari, kwa sababu vigamba ni vitone. Niweke buluu kidogo kwenye mkunjo wa ubavu. Na pale mwanga unapogonga niache karatasi nyeupe kama ilivyo. Hapo ndipo alipoanza kung'aa. Nilikaa nikamtazama mpaka taa ikaishiwa mafuta.

Mtu atasema walimu wana watoto themanini darasani. Ni kweli, na nawaheshimu. Kulaumu mwalimu mmoja hakunisaidii kitu. Naye alifundishwa kwamba mdudu ni jina la kitu cha kupulizia dawa. Lakini kalamu nyekundu haikulazimika kuandika maneno yale. Mtoto yule sasa ananiuliza kama achore twiga. Twiga ambaye hajawahi kumwona. Atamnakili kutoka kwenye fulana, atapata tiki, na atakuwa amejifunza kwamba macho yake hayaaminiki.

Jumatatu naenda shuleni na lenzi mfukoni. Nitamwomba mwalimu dakika tano wakati wa mapumziko, aibane kwenye jicho na aangalie pua ile yeye mwenyewe. Mama alipanga kuanika mahindi yote Jumamosi, na fukusi wakipigwa na jua wanakimbia. Mpwa wangu amemwomba, naye amekubali: kibaba kimoja hakitaanikwa. Kipo jikoni kwenye kopo, kimefungwa kwa kitambaa, na mtoto ameandika juu yake kwa herufi kubwa WA MWALIMU.