Kundi la hamira si rundo la seli zinazofanana

Ndugu mhariri, makala yenu inalieleza kundi la hamira kuwa rundo la seli zinazofanana, nami napinga. Hapa Dar es Salaam, maabarani, nimetazama kundi moja, kitone cheupe kidogo kuliko punje ya mtama, likitanuka juu ya agari, yaani ute mgumu wa kuoteshea vijidudu, na seli zake, ingawa zimezaliwa na mama mmoja, hugawana kazi kwa kufuata mahali zilipo: za juu hupunguza upumuaji, hustahimili dhiki na huishi muda mrefu, ilhali za chini hudhoofika na kuachia virutubisho vinavyozilisha zile za juu. Mwaka 1997 watafiti wa Prague, nchini Cheki, walionyesha kwamba makundi jirani huarifiana kwa gesi ya amonia. Nayo ni hamira ile ile tunayoumulia maandazi!