Kabla ya Midrand kulikuwa na Irugwa

Machi imefika na mabango yamerudi. Kila taasisi ya Mwanza inayotaka kuonekana inawajali wanawake inachapisha turubai, inaweka picha ya Balozi Mama Getrude Mongella pembeni, nembo yake yenyewe katikati, kubwa kuliko uso wa mama, na chini maneno yaleyale ya mwaka jana. Mwanamke wa kwanza kuongoza Bunge la Afrika. Mwenyekiti wa Mkutano wa Beijing. Binti wa Ukerewe.

Hilo la tatu ndilo pekee lililokaa sawa.

Tuanze na la kwanza, maana ndilo linaloudhi kuliko yote. Bunge la Afrika, lile la Umoja wa Afrika, lilipofunguliwa Addis Ababa, Machi 18, 2004, halikuwa na rais mwanamume aliyemtangulia. Halikuwa na rais yeyote. Mama Mongella ndiye rais wa kwanza wa chombo kile, nukta. Wanaume waliofuata, kuanzia Idriss Ndele Moussa wa Chad aliyempokea mwaka 2009, walikalia kiti alichokianzisha yeye. Mkimwita "mwanamke wa kwanza" mnampunguzia huku mkidhani mnampamba.

La pili, Beijing. Rais wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, Septemba 4 hadi 15, 1995, alikuwa Chen Muhua wa China, nchi mwenyeji. Mama Mongella alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano, na anayejua mambo ya Umoja wa Mataifa anajua kwamba kazi iko hapo. Rais anagonga nyundo wiki mbili. Katibu Mkuu anahangaika miaka miwili: kuzisukuma serikali ziandike ripoti za nchi zao, kusimamia maandalizi ya kanda tano (Jakarta, Mar del Plata, Vienna, Amman na Dakar, zote mwaka 1994), kisha kubeba rasimu ambayo kila neno lililogombaniwa limefungiwa kwenye mabano. Rasimu ile iliondoka New York Aprili 1995 ikiwa imejaa mabano, na nyuma ya kila bano kuna nchi iliyogoma. Katikati ya hayo wenyeji wakalihamishia kongamano la asasi za kiraia huko Huairou, mbali na ukumbi wa serikali. Bado nchi 189 zilitoka na Azimio na Mpango Kazi wenye maeneo 12. Sisi huku tumebakiza utani wa vijiweni: mke akinunua pikipiki kwa hela yake, "huyo wa Beijing". Haya.

Lakini Beijing ina wasemaji wengi. Kinachonikera ni lile pengo linaloachwa kwenye kila wasifu wake ninaousoma: 1995 Beijing, halafu kalamu inaruka, 2004 Rais wa Bunge la Afrika. Kana kwamba kuna mtu Addis Ababa aliyesoma magazeti ya Beijing akampigia simu. Katikati hapo kuna mwaka 2000, na mwaka 2000 ndio ufunguo wa yote.

Itifaki iliyounda Bunge la Afrika ilipitishwa Sirte, Libya, Machi 2001, ikaanza kutumika Desemba 2003. Kila nchi mwanachama inapeleka wabunge watano, angalau mmoja awe mwanamke. Na hao watano wanachaguliwa na bunge la nchi yao kutoka miongoni mwa wabunge wake. Ukipoteza kiti cha nyumbani, na kile cha Afrika kinabaki wazi siku hiyohiyo. Hakuna kifungu cha watu mashuhuri. Uwe umekuwa Waziri wa Ardhi, Maliasili na Utalii katika miaka ya 1980, uwe Balozi India, uwe umesimamisha Beijing nzima, kama huna kiti Dodoma hufiki Midrand, Afrika Kusini, yalipo makao ya Bunge la Afrika, hata kama mgeni wa heshima mwenye kura.

Kiti chake cha Dodoma kilitoka Ukerewe. Aligombea jimbo mwaka 2000, miaka mitano baada ya Beijing, akiwa na umri wa miaka 55, umri ambao wenzake wengi wa daraja lile walikuwa wanakula pensheni na kualikwa kwenye makongamano. Watengeneza mabango wa mjini hawajui maana ya kugombea Ukerewe, kwa hiyo niwaeleze polepole.

Wilaya ina visiwa 38. Masharti ya karatasi ndiyo mepesi: kwa sheria ya uchaguzi iliyotumika miaka hiyo, wadhamini 25 waliojiandikisha jimboni na dhamana ya shilingi 50,000. Kabla ya hapo kuna kura za maoni za chama, ambako wajumbe wachache wanaweza kukumaliza kabla mwananchi hajaliona jina lako. Ukipita hapo, sasa uko majini. Mikutano ya kampeni inakoma saa 12 jioni. Asubuhi ziwa kwa kawaida limetulia, alasiri upepo unainuka, kwa hiyo anayepanga mkutano wa saa 9 mchana Irugwa, moja ya visiwa hivyo, achague mapema kati ya kulala hukohuko na kurudi Nansio, makao makuu ya wilaya, akiwa amelowa mpaka kifuani. Kesho yake alikuwa na mkutano kisiwa cha Ukara, na huo tayari umekufa. Petroli ya injini ya boti inaliwa na upepo kuliko na umbali. Anayepiga hesabu kwa kilomita anaishia kuomba kuvutwa.

Halafu kuna mwezi. Sisemi wa kalenda, nasema wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na giza likishika, wanaume wa mwaloni, yaani ufukwe wanakofikia wavuvi, wako ziwani usiku kucha na asubuhi wamelala. Panga mkutano wa saa 3 asubuhi kipindi hicho, utahutubia watoto na mbuzi. Ukisubiri mbalamwezi, mitumbwi imeegeshwa, watu wako nchi kavu, wana muda wa kukusikiliza na wa kukuuliza maswali usiyoyataka. Meneja wa kampeni aliyeletwa kutoka Dar es Salaam na ratiba yake ya kwenye kompyuta hajui hilo, na hakuna atakayemwambia mpaka ashindwe.

Na mvuvi anafuata samaki. Amejiandikisha Bwisya, Ukara, siku ya kupiga kura yuko kisiwa cha Goziba upande wa Kagera, na kura ya ubunge haimfuati huko. Ndiyo maana anayewasahau wanaobaki kisiwani, yaani akina mama waanikao dagaa, wakulima wa mihogo na machungwa, walimu na wazee, hana jimbo, hata kama mialo yote imemshangilia. Ushindi wa Ukerewe unapatikana kwa watu wasiokuja kwenye mkutano wenye muziki.

Hao ndio walioipa Afrika rais wa bunge lake. Si Umoja wa Mataifa.

Tena walifanya hivyo mara mbili. Uchaguzi wa 2005 ulimkuta katikati ya urais wa Bunge la Afrika. Siku ya kura ilisogezwa kutoka Oktoba 30 hadi Desemba 14 baada ya mgombea mwenza wa CHADEMA kufariki. Desemba ile, kama Ukerewe ingesema hapana, Midrand ingelazimika kutafuta rais mwingine. Mzee wa Bukungu aliyekuwa anasubiri foleni na kadi yake mfukoni alikuwa na usemi juu ya kiti hicho kuliko mawaziri wa mambo ya nje, na sidhani kama kuna mtu aliyemwambia.

Mwaka 2010 wakasema hapana. Salvatory Machemli wa CHADEMA akachukua jimbo. Najua wanaosema kwamba watu wa Ukerewe hawakujua thamani ya walichonacho, na kauli hiyo nimechoka nayo. Walijua. Bunge la Afrika lilianza na mamlaka ya kushauri tu. Halitungi sheria, halina hela ya gati. Vikao vya kawaida visivyopungua viwili kwa mwaka, kamati, safari za ujumbe, kisha Dodoma mikutano minne ya Bunge ukiwamo ule mrefu wa bajeti: toa siku hizo kwenye 365 uone jimbo linabakiwa na ngapi. Anayeulizwa kivuko hawezi kujibu kwa habari za Midrand. Na swali la kivuko halikuwa dogo. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa na gati ya Bwisya, Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Mpiga kura wa kisiwani anapouliza chombo cha majini, anauliza kama watoto wake watafika.

Kwa hiyo, shingo upande, nakubali: kura ile ilikuwa halali na ilikuwa na akili. Ila ilimaliza pia safari ambayo wao wenyewe waliianzisha, na hilo nalo liandikwe.

Kuna kipande kingine kinachorukwa, nacho ni 1975 hadi 1977. Alikuwa mjumbe wa Bunge la Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya zamani, akaliona likifa. Wakuu wa nchi walikuwa wameacha kukutana tangu Amin aingie madarakani Uganda mwaka 1971, na ilipofika katikati ya 1977 bajeti ikakosa wa kuipitisha. Bunge la kikanda halihitaji mapinduzi ili lifungwe. Wakubwa wasipokaa na fedha zisipopita, limekwisha. Aliyekabidhiwa bunge jipya la bara zima mwaka 2004, lisilo na kanuni, kamati wala jengo lake, alikuwa mtu aliyekwisha kuona mwisho wa bunge la aina hiyo akiwa ndani. Kanuni zilihitaji theluthi mbili ya wajumbe wote. Makamu wanne walitoka kanda nyingine nne: Angola, Benin, Chad na Libya. Jaribu kuongoza kikao hicho kwa wiki moja.

Kwa wanawake wengine waliofika kwenye viti vya kuongoza mabunge nitapita haraka. Anne Makinda aliingia bungeni 1975, akawa Naibu Spika 2005, Spika 2010: miaka 35 ya foleni, na mtu bado anasema alibebwa. Dkt. Tulia Ackson aliingia 2015 kwa uteuzi wa Rais, akaenda kutafuta jimbo la Mbeya Mjini 2020, Spika Februari 2022, Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani Oktoba 2023. Hata yeye aliona haja ya jimbo.

Viti maalumu vimefungua milango, sikatai. Lakini binti wa Ilemela au Sengerema anayeitamani ngazi hiyo asome Katiba kabla ya kujaza fomu. Ibara ya 84 inamruhusu kuwa Spika hata bila jimbo. Ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni. Kwenye viti maalumu unaomba kura kwa wajumbe wa umoja wa wanawake wa chama chako, na mwaka chama kinapokusahau, huna mwaloni wa kukimbilia.

Sasa Itifaki ya Malabo ya 2014 inataka kubadili mlango wenyewe. Ikipata nchi za kutosha kuiridhia, wanawake watakuwa angalau wawili kati ya watano, jambo jema lililochelewa. Na mbunge wa Afrika hatakuwa tena ameshikilia kiti cha nyumbani, kwa hiyo atapata siku zake zote za kufanya kazi Midrand. Wanaoisifu wana hoja. Ila atakuwa amechaguliwa na wabunge walioketi Dodoma peke yao, na huko Irugwa hakuna atakayekuwa na sababu ya kumuuliza kitu.