Solr uiweke ndani ya Tomcat au uiache na Jetty yake?

Wiki hii nimeulizwa tena na jamaa anayesimamia hazina ya machapisho ya chuo, ile DSpace ambayo vyuo vyetu vingi vinaitumia kuhifadhi tasnifu na makala, kwamba injini ya kutafutia iliyo ndani yake, yaani Solr, iendelee kukaa kwenye Tomcat, yaani seva ya Java inayoendesha DSpace yenyewe, au aitoe ikae peke yake na Jetty, seva nyingine ya aina hiyohiyo inayokuja na Solr. Nilimjibu kwa haraka lakini swali limenikaa kichwani maana watu wanalijibu kwa mazoea, na mazoea yenyewe mengi yalianzia kwenye kitu ambacho hakipo tena.

Solr ilianza mwaka 2004 pale kampuni ya CNET, akaiandika Yonik Seeley, na 2006 wakaikabidhi kwa Apache, shirika la programu huria. Miaka yote ile ilikuwa inakuja kama faili la WAR, yaani programu ya Java iliyofungashwa kwenye faili moja, unalitupia kwenye seva yoyote ya Java unayoipenda. Ndani ya paketi waliweka na Jetty kwenye folda iliyoitwa example, unaandika java -jar start.jar, poti 8983 inafunguka, umemaliza. Sasa hilo jina la folda ndo lililoharibu mambo kwa mtazamo wangu, watu wakaamini Jetty ni ya kujaribia tu na kazi yenyewe inatakiwa Tomcat, wakati Jetty ilianza 1995 kwa Greg Wilkins, kabla hata Tomcat haijafika Apache mwaka 1999. Sio kitu cha kuchezea hata kidogo.

Ila nisiwaonee watu wa Tomcat, hoja zao ni za kweli kabisa. Chuo kidogo kina mtu mmoja wa IT, huyohuyo anashughulikia printa, mtandao, barua pepe na maktaba, seva yenyewe ina RAM ya GB 4, alafu unamwambia aongeze prosesi nyingine ya Java? Kila Java unayoiwasha inakula memori yake hata kabla haijafanya kazi yoyote. Tomcat moja maana yake ni huduma moja ya kuwasha umeme ukirudi, sehemu moja ya kusoma logi, na kama jamaa ameshaizoea Tomcat miaka sita basi usiku kitu kikigoma anajua aanzie wapi. Hilo la mwisho mi nalipa uzito mkubwa sana, kuliko vipimo vya kasi ambavyo watu wanabishania, maana kwa hazina yenye machapisho elfu kumi hutaona tofauti ya kasi kati ya hizi mbili.

Tatizo linakuja kwenye memori. Ukiziweka DSpace na Solr ndani ya Tomcat moja zinagawana memori ileile uliyoiweka kwa Xmx, yaani kikomo cha memori ya Java, na utafutaji una tabia yake, unatulia tulii alafu mtu mmoja anapanga matokeo kwa mwaka na kuchuja kwa mwandishi memori inapanda ghafla, na Java ikianza kusafisha memori yake kila kitu ndani ya ile prosesi kinasimama, sio utafutaji peke yake, hata ukurasa wa mbele. Kwenye DSpace ni mbaya zaidi kwasababu Solr haishiki indeksi ya utafutaji tu, ile orodha inayotumika kupata matokeo haraka, inashika na takwimu za nani kafungua nini, na roboti za mitandao zinapita usiku na mchana, kila hatua inaandikwa. Sehemu moja niliyowahi kusaidia, takwimu zilikuwa zimevimba kuliko machapisho yenyewe kwa mbali sana, Tomcat ikawa inakufa kwa kukosa memori kila baada ya siku chache, na wanafunzi ndo wako kwenye kuandika tasnifu. Kilichoua ni kihesabu cha wageni, kikaangusha maktaba nzima. Iliniuma kwakweli.

Hapo ndo naona kutenganisha kuna maana, Solr ikizidiwa inaanguka yenyewe, mtu bado anaweza kufungua chapisho kwa linki aliyonayo. Na ukirestati Tomcat kwasababu umebadilisha rangi ya ukurasa, kache za Solr hazipotei.

Kuna hoja ya thredi, yaani idadi ya maombi seva inayoweza kuyashughulikia kwa wakati mmoja, nayo inapenda kutajwa, kwamba Tomcat inaanza na 200 wakati Jetty inayokuja na Solr imewekwa 10,000. Ni kweli, na sababu ipo, Solr ikigawanywa kwenye mashine nyingi ombi moja linazaa maombi mengine kwa mashine wenzake, thredi zikiisha zinabaki zinasubiriana bila mwisho. Lakini kama una mashine moja hio hoja haikuhusu, usiitumie kumshawishi bosi.

Jambo ambalo linatuhusu sisi hasa ni herufi. Tomcat 7 kurudi nyuma ilikuwa inasoma anwani ya ukurasa (URL) kwa ISO-8859-1, mpangilio wa herufi za Ulaya Magharibi tu, mpaka uandike mwenyewe URIEncoding="UTF-8", mpangilio wa herufi za lugha zote, kwenye faili la mipangilio la server.xml, Tomcat 8 ndo wakabadilisha. Sasa Kiswahili chetu hakina alama juu ya herufi, unajaribu "uchumi wa bahari", unajaribu "ng'ombe", vyote vinatoka safi, unasema mfumo uko sawa. Mpaka siku mtu wa Bujumbura anatafuta "éducation" au mtu wa Zanzibar anatafuta kichwa cha habari kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, anapata sifuri, na hatokulalamikia, ataamini tu kwamba hicho kitabu huna. Kwahiyo kama bado uko kwenye Tomcat ya zamani jaribu na hayo maneno leo.

Jetty nayo ina hatari yake na hii naisisitiza kwasababu nimeona watu wanahama wakiwa na furaha na kuacha mlango wazi. DSpace ya zamani ilikuja na kichujio ndani ya Solr kinachokataa ombi lolote ambalo halijatoka kwenye mashine ileile. Ukihamia Solr ya kujitegemea kile kichujio hakipo, haina paswodi mpaka uiweke, na matoleo kabla ya Solr 9 ya mwaka 2022 yalikuwa yanapokea maombi kwenye anwani zote za mtandao za mashine. Yaani kama faiwoli haijafunga 8983, mtu yeyote duniani anaweza kufuta indeksi yako yote kwa ombi moja.

Wenye Solr wenyewe waliamua, kuanzia Solr 5 mwaka 2015 waliacha kuunga mkono mambo ya WAR, na DSpace 7 ilipotoka 2021 ikafuata, Solr unaisimika mwenyewe pembeni. Elasticsearch, injini nyingine ya utafutaji, tangu 2010 inakuja na seva yake ndani na hakuna anayeuliza aiweke wapi. Kwahiyo kwa mfumo mpya mi nasema Jetty, bila kusitasita. Kwa yule wa DSpace 6 mwenye GB 4 na mfumo unaotembea vizuri, namwambia abaki kwanza, apunguze takwimu za roboti, aombe RAM, ahame akiwa na GB 8, na hapo asiipe Java yote, Solr GB 1 mpaka 2 inamtosha na nyingine aiachie Linux maana faili za indeksi zinasomwa kupitia memori ya mfumo wenyewe.

Na siku ya kuhama, indeksi ya utafutaji usiihangaikie, amri ya DSpace index-discovery -b inaijenga upya kutoka kwenye database. Takwimu ndo hazipo popote pengine zaidi ya ndani ya Solr, zitoe kwanza kwa amri ya solr-export-statistics na uhakikishe faili zinafunguka kabla hujagusa kitu kingine chochote.