Homa ya Tisini

Gari yangu ina adabu mpaka themanini. Hapo unaweza kuweka glasi ya chai juu ya dashibodi isimwagike. Mshale ukipita themanini na tano inaanza kunong'ona, ukifika tisini inashikwa na homa: usukani unatetemeka, kioo cha kati kinaonesha lori mbili pale penye moja, na tasbihi niliyoitundika inavuta uradi wenyewe bila ya mtu.

Najua utaniuliza: wewe uko Unguja, tisini unaitakia nini? Kisiwa kizima urefu wake kilomita 85 hivi, ukiishikilia tisini kutoka Nungwi, saa haijatimia ushaingia baharini. Ni kweli. Na njia ya kwenda Makunduchi ina matuta, ina ng'ombe, ina askari, na pale Jozani ina kima punju wanaovuka kwa raha zao kama kwamba barabara wameijenga wao. Lakini vipo vipande viwili vitatu vya lami iliyonyooka, na mimi nina mkwe Makunduchi. Mwanamme aliyemuahidi mkwewe kufika kabla ya magharibi haendi sitini.

Mamamkwe hukaa nyuma. Mbele hataki, anasema mbele ndiko ajali inakoanzia. Siku ya mwanzo homa ilipotushika, yeye kule nyuma hakuhisi kitu, aliloliona ni mikono yangu tu inavyotikisika. Akainama akaniangalia kwa huruma.

"Baba, hiyo mikono imekuanza lini?"

Nikamwambia si mikono, ni gari.

"Aa, gari," akasema, kwa ile sauti ya kumkubalia mgonjwa asije akavunjika moyo. Kufika kwake akanitolea chupa ya mafuta ya habasoda, nijipake asubuhi na jioni. Nikajipaka. Dawa ya mkwe haijadiliwi.

Kosa langu nikalisema barazani. Kwetu Mwanakwerekwe ukisema kichwa kinakuuma, utaulizwa umekwenda hospitali? Ukisema gari inaumwa, hakuna anayekuuliza kitu, kila mtu ana jawabu. Mmoja hajapata kumiliki hata baiskeli: "Mauntini za injini hizo, yakhe." Mwengine: shokapu. Mzee mmoja aliyeendesha chai maharage, zile gari za bodi ya mbao za zamani, akatukata sote kauli: "Gari zetu zilikuwa zikitetemeka zikisimama, zikitembea zinatulia. Zenu zinatetemeka zikitembea. Basi zimefungwa kinyume." Watu wakaitikia kama wamesikia hadithi sahihi. Muuza kahawa, dele mkononi, akataja husda. Vikombe vya wote nikalipa mimi, kwa kuwa mgonjwa ni wangu.

Fundi wa kwanza naye hakuuliza kitu. Aliitazama gari kutoka mlangoni, akasema "alaimenti", elfu thelathini ikaondoka. Gari ikawa inakwenda sawa kama uzi, na inatetemeka vilevile. Baadaye ndiyo nikajua: alaimenti ikiharibika, gari huvuta upande mmoja na kuzila tairi upande. Homa yangu haikuwa ya ukoo huo.

Wa pili akasema diski za breki zimepinda. Nikamwambia, fundi, diski zikipinda si gari hutetemeka mtu akikanyaga breki? Mimi nikikanyaga breki, mwendo unashuka, ndipo inapopoa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema: "Ndiyo. Diski hizo." Zikanunuliwa diski mbili. Homa ikabakia palepale, ila sasa inasimama vizuri.

Wakati huo fedha inatoka mfukoni kama maji ya mfereji, nyumbani kitu kimoja tu kilikuwa kinanituliza: samaki. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, yuko kwetu tangu Ramadhani akisubiri kazi, na katika kusubiri amezua kuvua. Usiku anateremka Chukwani na mshipi, alfajiri anarudi na changu, tasi, siku nyengine mpaka pono. Dada yake anamsifu mbele yangu, kwa ile sauti ambayo ndani yake mna mtu mwengine asiyesifiwa. Na mimi nikamsifu. Sina haya, nilimchukulia mama yake fungu mpaka Makunduchi, ndani ya gari ileile.

Fundi wa tatu nilielekezwa Amani. Mtu mfupi, mpole, redio yake inasoma vifo. Gari hakuigusa.

"Inaanzia ngapi?"

Tisini.

"Unaihisi mkononi au kwenye kiti?"

Mkononi.

"Ukiachia mafuta?"

Vilevile, mpaka mwendo upungue.

"Ukitoa gia, ukaiacha iserereke yenyewe?"

Vilevile.

Akatikisa kichwa kama daktari aliyekusikia kikohozi tangu uko nje. "Injini mwache. Na jointi za ekseli zingelalamika unapokanyaga mafuta, mwache nazo. Ugonjwa uko kwenye magurudumu, tena ya mbele. Ya mbele husema kwa usukani, ya nyuma husema kwa kiti." Akaagiza kijana wake ahamishe gurudumu za mbele nyuma, za nyuma mbele. "Nenda nayo safari, mzee wangu. Ikihama, tumeikamata."

Safari yenyewe, kwa bahati yangu, ilikuwa kumrejesha mamamkwe kwake. Tulipoipita Tunguu nikaisogeza taratibu. Themanini. Themanini na tano. Tisini. Usukani kimya, kama mtoto aliyenyonya akashiba. Nikacheka peke yangu. Mara nyuma nasikia:

"Ya La-ti-fu! Ba-ba! Ba-ba si-ma-mi-sha!"

Homa imehama. Imekwenda kukaa chini ya mamamkwe. Sauti yake ilikuwa inatoka vipande vipande, na kikapu chake cha ndimu kikawa kinapiga ngoma kama Mwaka Kogwa imewahi. Nilipopunguza mwendo akajishika kiuno, akaniangalia kwenye kioo. "Nilidhani habasoda imekuponesha. Kumbe ugonjwa umenihamia mie."

Fundi nilipomsimulia alifurahi kuliko ilivyo adabu. Akayafungua yale magurudumu mawili, akayazungusha kwenye mashine. Ringi haikupinda. Tairi haina nundu. Akasoma zile tarakimu nne za ubavuni, 2316, wiki ya 23 ya mwaka 2016, akaniuliza mwanangu wa mwisho yuko darasa la ngapi skuli, nikaelewa, nikanyamaza. Halafu akapitisha kitambaa kwenye ukingo wa ringi, akasita.

"Vyuma vyako vya balansi viko wapi?"

Vyuma gani? Akanionesha kwenye gurudumu la gari nyengine: vidude vidogo vya kijivu vilivyobanwa ukingoni kusawazisha uzito wa gurudumu, mtu ukiviona unadhani ni uchafu. Kwangu palikuwa na alama safi tu pale vilipokuwepo, na mkwaruzo wa bisibisi. Havikuanguka. Vimebanduliwa.

Kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kumnyanyua mamamkwe kwenye kiti, sikuamini, mpaka jioni mwanangu mkubwa anayesoma fizikia aliponipigia hesabu. Chukua kimoja cha gramu 40. Ukienda tisini, gurudumu linazunguka kama mara 13 kwa sekunde, na kila mzunguko pale palipopungua panavuta kama kilo tano. Ukienda nusu ya mwendo huo, mvuto unabaki robo, ndiyo maana mjini gari ina adabu. Fundi alisema ningethubutu kwenda mia na ishirini huenda ingetulia tena, kwa sababu kila gari ina mwendo wake wa kucheza, mfano wa bembea, ukiisukuma nje ya wakati wake haichezi. Nikamuuliza hiyo mia na ishirini nikaikimbie wapi, Dodoma?

"Sasa nani abandue vitu kama hivi?" nikasema.

"Vya siku hizi vingi ni vya chuma au zinki, hana mtu shida navyo," akasema. "Lakini hivi vyako vya zamani vilikuwa risasi. Risasi laini. Unaitia kwenye kopo, unaiweka juu ya jiko la mkaa, inayeyuka hiyo."

Kopo. Jiko la mkaa.

Nyuma ya nyumba yangu, karibu na tangi la maji, kuna kopo la maziwa limeungua chini likawa jeusi. Nimelipita mwezi mzima. Na juu ya ukuta hupangwa chubwi za mshipi, vile vizito vya kuizamisha ndoana, nzuri, za mviringo, zina tundu katikati. Moja niliwahi kuipima mkononi, nikamwambia shemeji: mashaallah, hizi zina uzito hasa, umezipata wapi? Akasema, "Za hapahapa, shemeji." Hakusema uongo. Za nyuma zilisalimika kwa sababu gari huiegesha matako ukutani, hakufikia.

Fundi alicheka mpaka akazima redio. Akanipigia balansi zote nne, akachukua fedha kidogo tu, na wakati natoka akanisogelea dirishani. "Usimgombe sana huyo kijana. Mwambie mie hapa nina ndoo nzima ya vyuma vibovu. Akiniletea changu, tunaelewana."

Nilifika nyumbani nimejaa maneno. Nimeyapanga njia nzima, kutoka alaimenti mpaka diski. Mke wangu akatandika, akafunua sinia: wali, na changu wa kupaka, ananukia tui na ukwaju. Ukipiga hesabu vizuri, samaki yule mmoja alinigharimu kuliko mbuzi wa Idi. Nikamla mpaka kichwa.

Makunduchi bado sijasema kitu. Nimwambie mama wa watu kwamba aliyekuwa akimtikisa ni mwanawe wa kumzaa? Juzi amenipa chupa mbili za habasoda, moja yangu, moja niiweke ndani ya gari kwa ajili ya kiuno chake. Najipaka.